Mtoto Akikohoa Usiku, Anza na Ukuta

Chumba cha wanangu nilikipaka rangi mara tatu ndani ya miaka miwili, na upakaji rangi ndiyo kazi inayonilisha. Mara ya kwanza rangi ya maji. Mara ya pili silki. Mara ya tatu nikasema sasa nakomesha, nikapiga rangi ya mafuta kuanzia sakafuni mpaka usawa wa dirisha. Kila masika weusi ulirudi palepale, ubavuni mwa kitanda cha mdogo wao, na uliporudi naye alianza kukohoa saa nane za usiku, kikohozi kikavu, mpaka anatapika. Mama mkwe alikuja kutoka Sengerema kutusaidia, akasema hicho ni kimeo, kikatwe. Duka la dawa walitupa ampiklosi. Aliyetufumbua macho ni dada yangu, muuguzi. Aliingia chumbani, akavuta kitanda, akaweka kiganja ukutani, akasema, "Kaka, huyu mtoto mnamlaza na maji."

Fangasi, ukungu, kuvu, koga, kila nyumba na jina lake. Vijimbegu vyake viko hewani kila mahali na hakuna atakayevimaliza. Vikitua pakavu vinakaa kimya. Vikitua penye unyevu, ndani ya siku moja au mbili vinaanza kuota. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni moja: maji haya yanatoka wapi? Asiyeweza kulijibu asifungue kopo la rangi. Ya afya hapa chini nimeyapata kwa dada na kwa madaktari waliomtibu mwanangu. Ya ukuta ni ya kwangu mwenyewe, na mengi nimeyajua kwa kukosea.

Kabla ya ukuta, hesabu pumzi

Kama mtoto yuko hoi sasa hivi, mambo ya ukuta yasubiri. Mfungue shati akiwa ametulia, weka simu ikuhesabie dakika nzima, angalia tumbo na kifua vinapanda mara ngapi. Kwa kichanga wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa miezi 2 mpaka 11, 50 au zaidi. Kwa wa mwaka 1 mpaka kabla hajatimiza 5, 40 au zaidi. Anayefikia hapo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, huenda ni nimonia.

Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, midomo ikibadilika rangi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege au akiwa mzito kuamka, usingoje kukuche. Mtoto mwenye selimundu, ambao Kanda ya Ziwa tunao wengi, hata kifua kidogo chenye homa ni safari ya hospitali. Kwa mtoto huyo maambukizi ya mapafu hugeuka hatari haraka.

Ni nyumba, au ni kingine?

Kikohozi cha nyumba kina tabia zake. Kinachachamaa usiku wa manane na alfajiri, mchana mtoto anacheza kama hajawahi kuumwa. Hakuna homa. Kuna mafua mepesi yasiyoisha, chafya mfululizo asubuhi, macho kuwasha, pengine kijifilimbi kifuani anapotoa pumzi. Kinakuja na masika, Machi mpaka Mei, kinarudi na vuli, Oktoba mpaka Desemba, na katikati ya Julai mnakisahau. Kipimo kizuri cha nyumbani ni likizo: mtoto akienda kwa bibi wiki mbili kikohozi kikakata, akarudi, na usiku wa pili kikaanza tena, una sababu ya kuitilia shaka nyumba yako. Isipokuwa kwa bibi wanapikia kuni ndani, hapo hujapima kitu.

Andika daftarini kwa wiki mbili: amekohoa saa ngapi, alilala wapi, mvua ilinyesha au la. Daktari atakuuliza hayohayo. Pumu kwa mtoto mdogo haijulikani kwa kipimo kimoja cha damu, daktari huitambua kwa kusikiliza historia, na historia unayo wewe.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi chenye kupungua uzito, au nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa muda mrefu, kipimwe kifua kikuu kwanza. Kikohozi kilichoanza ghafla mtoto akiwa anatafuna karanga ni dharura, kuna kitu kimeingia njia ya hewa. Halafu kuna moshi: jiko la mkaa linalowashiwa koridoni, dawa ya mbu ya kuchoma, udi. Na mende, ambao kinyesi chao ni kichokozi kikubwa cha pumu. Nyumba yenye unyevu mara nyingi ina mende na vijidudu vya vumbi la godoro pia, hivyo usishangae ukikuta maadui watatu chumba kimoja.

Kuhusu kimeo. Mama mkwe wangu namheshimu, na hakulitoa hewani. Kwao watoto wengi wamekatwa. Lakini kimeo hakileti kikohozi cha masika. Kukikata kwa wembe au kisu cha mganga kumeua watoto kwa kutokwa damu, kwa kuoza koo, kwa pepopunda. Sikumbishia mbele ya watu. Nilimpeleka hospitali pamoja nasi, daktari akamwonyesha kwa tochi kimeo cha mjukuu na cha baba yake, vyote vya kawaida. Yakaishia pale.

Ampiklosi nayo haikuwa na kazi. Antibiotiki inaua bakteria. Njia ya hewa iliyovimba kwa mzio haina bakteria wa kuuawa. Mwanangu alipewa pampu ya kuvuta, na kwa kuwa mtoto hawezi kuipatia vizuri, tulifundishwa kutumia chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu. Pampu inachomekwa kitakoni, mtoto anapumulia mdomo wa chupa. Inafanya kazi, ila mwache muuguzi akuonyeshe mara ya kwanza.

Je, huo weusi ni fangasi?

Chovya pamba kwenye jiki, gusa doa. Likipauka ndani ya dakika moja au mbili, ni fangasi. Likibaki jeusi vilevile, huenda ni masizi ya mkaa au vumbi la siku nyingi. Kama ni weupe kama unga unaochanua juu ya plasta, tone la maji litakuambia: ukiyeyuka ni chumvi iliyotoka ndani ya ukuta. Chumvi haimdhuru mtoto kifuani, lakini inakwambia maji yanapita humo, na fangasi yuko njiani.

Rangi ya fangasi isikutishe wala kukufariji. Kuna weusi, kijani, kijivu, hata ya waridi bafuni, na ubaya hausomeki kwa macho. Kupeleka sampuli maabara ni kupoteza pesa ya kutengenezea ukuta.

Kisha fanya hili la nailoni. Kata kipande cha nailoni nzito cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipite hewa, kiache siku mbili. Umande ukiwa upande wa chumbani, unyevu unatoka kwenye hewa yenu wenyewe. Ukiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Jaribio hili ni la shilingi chache, na lingeniokolea madebe matatu ya rangi.

Dalili: weusi na chumvi kutoka sakafuni, hauvuki kiunoni

Maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, kwa kawaida mpaka kama mita moja. Ama DPM, ile nailoni ya kuzuia unyevu, haikuwekwa juu ya msingi, ama ilichanika, ama (na hili ndilo ninalolikuta zaidi) iliwekwa vizuri, kisha miaka kumi baadaye mwenye nyumba akamwaga kifusi uani na kutandaza pevingi juu kuliko sakafu ya ndani. Udongo wa nje unatakiwa uwe chini ya sakafu kwa angalau sentimita 15. Chimba, shusha, elekeza maji mbali na ukuta. Plasta ya saruji iliyooza ibandue mpaka sentimita 30 juu ya alama ya maji, uache tofali lipumue, urudishe plasta ukuta ukishakauka.

Hapa Mwanza, walio karibu na maji, kwenye mabonde ya Mto Mirongo na kandokando ya Ziwa Victoria, wana shida kubwa zaidi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka kuzidi rekodi ya 1964, na nyumba zilizokuwa kavu miaka yote zikaanza kunywa kutoka chini. Pale maji ya ardhini yakiwa nusu mita chini ya jamvi (zege la sakafu), fundi hana muujiza. Inua vitanda, hamishia watoto chumba cha upande wa juu.

Dalili: ukuta mmoja tu, ule wa upande wa mlima

Hapa ndipo Mwanza ilipo. Igogo, Mabatini, Isamilo, mlima wa Bugando: tumejenga juu ya majabali, kati ya majabali, na wengine jabali lenyewe ndiyo ukuta wa nyuma. Jiwe hili halinywi maji. Mvua inayolipiga inateremka yote, na inateremkia kwenye ungio, pale saruji inapokutana na jiwe. Saruji na jiwe havijawahi kupendana. Ukiangalia vizuri utaona ufa mwembamba kama uzi, unaotosha kabisa. Maji yanaingia humo mvua ikinyesha na yanaendelea kuchuruzika ndani kwa ndani hata wiki baada ya mvua kukata, ndiyo maana watu wanasema "mbona jua linawaka na ukuta umelowa?"

Nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa mlima zina tatizo la ndugu yake: ukuta wa nyuma umezikwa kwenye udongo mita moja au zaidi, na tofali la kawaida halikuumbwa kushikilia udongo uliolowa.

Yangu ilikuwa ya jabali. Nilivyotibu: kwanza nilipanda juu mvua ikiwa inanyesha, na mwavuli, majirani wananicheka. Ni lazima uone maji yanavyokimbia, ukienda siku ya jua utakisia. Nikakuta mkondo mmoja tu mnene unaotua nyuma ya kitanda cha mwanangu. Karibu mita nne kutoka nyumba nikajenga tuta dogo la zege juu ya jiwe, kimo cha sentimita 15, limekaa mshazari, linayapeleka maji pembeni kwenye mfereji. Kabla ya kumwaga zege jiwe lilisuguliwa kwa brashi ya waya na kutobolewa vishimo, vinginevyo linabanduka mvua ya kwanza. Ungio la ukuta na jiwe nililichimbua, nikajaza upya.

Kwa ukuta uliozikwa kwenye udongo, kazi ni kubwa zaidi: handaki nyuma ya nyumba kushuka chini ya usawa wa sakafu, bomba lenye matundu chini likiwa na mteremko, kokoto juu yake. Kokoto Mwanza hazijawahi kukosekana. Usikubali fundi anayekuambia atazuia kwa kupaka dawa upande wa ndani. Maji yanayosukuma kutoka nje yataibandua dawa hiyo, na yakishindwa hapo yatatokea chumba cha pili.

Na kabla ya kumwelekezea jirani wa chini mkondo wako mpya, zungumza naye.

Dalili: madoa ya duara darini, au weusi unaoshuka kutoka juu

Paa linavuja. Misumari ya bati iliyolegea, kofia ya bati, gata iliyojaa majani. Nyumba za siku hizi za paa la kuficha zina ugonjwa wake: bati linaishia nyuma ya ukuta mfupi, maji yote yanategemea mfereji mmoja uliojificha, na ukiziba hakuna anayeona mpaka jipsamu ianze kuvimba. Panda usafishe kabla ya masika na kabla ya vuli. Silingi bodi iliyoota fangasi haisafishiki, ng'oa.

Dalili: pembe za juu, nyuma ya kabati, na bati kutoa jasho

Nailoni ikikuonyesha umande upande wa chumbani, maji ni yenu. Mtu aliyelala anatoa karibu mililita 40 za maji kwa saa kwa pumzi na ngozi. Watu watano chumba kimoja kwa saa nane ni zaidi ya lita moja na nusu, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu na wezi. Gesi nayo inazaa maji inapoungua, kilo moja inatoa kama lita moja na nusu, kwa hiyo mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha umeshamimina lita 9 hivi hewani. Ongeza nguo zilizoanikwa sebuleni kwa sababu nje kunanyesha. Alfajiri bati limepoa, mvuke unaligusa, matone yanadondoka, na mtu anamwita fundi kuziba tundu lisilokuwepo.

Nyumba za zamani zilikuwa na matundu ya hewa juu ya madirisha. Tuliyaziba tulipoleta madirisha ya aluminiamu, tukaona yanaingiza vumbi. Yarudisheni, mawili kwa chumba, yakitazamana, na wavu wa mbu. Pikeni mlango ukiwa wazi. Kabati likae kiganja kimoja mbali na ukuta. Na tafadhali, mtu asiwashe jiko la mkaa chumbani "kukausha unyevu". Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na waliolala nalo hawakuamka.

Dalili: ukuta unaopakana na bafu au jiko

Bomba. Funga koki zote usiku, piga picha mita ya maji, linganisha asubuhi. Mita ikiwa imesogea bila mtu kutumia, kuna bomba linavuja ukutani au chini ya sakafu. Isiposogea, shuku bomba la maji machafu au ungio la vigae bafuni.

Dalili: huoni kitu, lakini chumba kinanuka uvundo

Inua kapeti. Geuza godoro. Chungulia juu ya dari kwa tochi. Godoro la sponji lililoota fangasi litupwe, jua linalikausha juu tu.

Kusafisha bila kuumiza watu

Eneo lisilozidi kama mita moja ya mraba unaweza kulisafisha mwenyewe. Watoto watoke, na mwenye pumu asishike kazi hii. Vaa glavu na barakoa ngumu ya N95, ya kitambaa haizuii vijimbegu. Kosa kubwa ninaloliona ni kuparuza ukuta mkavu kwa brashi, unavirusha vyote hewani na usiku mtoto anavivuta. Lowesha kwanza. Sugua kwa maji ya sabuni ya unga, futa, suuza, acha madirisha wazi. Jiki si lazima. Ukiitumia, robo lita kwa lita 4 za maji inatosha, na usiichanganye kamwe na siki, dawa ya kusafishia choo wala kitu chenye amonia, utazalisha gesi inayochoma mapafu. Fangasi aliyekufa naye huleta mzio, kwa hiyo kumuua bila kumwondoa hakutoshi.

Halafu subiri. Ukuta wa inchi sita uliolowa sawasawa hukauka kwa miezi. Rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi ni kufunga maji ndani ya chupa, nimeyafanya hayo nyumbani kwangu na kwa wateja walionilipa.

Ukiwa mpangaji

Piga picha zenye tarehe, mpelekee mwenye nyumba pamoja na cheti cha mtoto cha hospitali, kwa maandishi. Wengi watakujibu, "Paka rangi kidogo, nitakukata kwenye kodi." Rochdale, Uingereza, baba mmoja aliripoti ukungu wa nyumba yake mwaka 2017, akaambiwa apake rangi. Mwanawe, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020, siku chache baada ya kutimiza miaka 2, na Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kuwa kilichomuua ni maradhi ya kifua yaliyoletwa na ukungu ule. Mwaka 2023 Bunge lao likapitisha sheria inayoitwa kwa jina lake, ya kuwabana wamiliki wa nyumba za kijamii, zile za kupangishwa watu wa kipato cha chini, warekebishe kwa muda maalumu. Sisi hatuna sheria ya jina hilo, lakini kisa hicho nimewahi kumsomea mwenye nyumba mmoja wa Nyakato akiwa ameshika brashi mkononi, akaiweka chini, akauliza handaki linagharimu kiasi gani.

Wakati mnasubiriana, sogeza kitanda cha mtoto kwenye ukuta wa ndani, ule usioguswa na mvua.

Ukuta wangu ulichukua miezi mitano. Nilibandua ile rangi ya mafuta, nikapiga chokaa, inayopumua na ambayo fangasi haipendi kwa ukali wake. Masika yaliyofuata nilibandika nailoni tena pale nyuma ya kitanda, siku mbili, ikatoka kavu pande zote. Mtoto bado ana pampu yake. Vumbi la Agosti linamsumbua. Lakini saa nane za usiku sasa anayeamka ni mimi, mvua ikianza, kusikiliza maji yanapita upande gani.